Nyoka Wawili wa Mzee Ntandu

Marahaba, wanangu. Najua nikiwapo mnaniita Bi Mwanaidi, na nikigeuza kisogo mnaniita Mama Diski. Yote nayaitikia. Nimestaafu ufundi wa kompyuta, macho hayalioni tena tundu la skrubu, na kile kibanda changu cha nyuma ya soko hapa Singida mjini sasa kinauza makava ya simu. Lakini haipiti wiki bila mmoja wenu kunijia na kompyuta mgongoni. Ananiamkia vizuri, anauliza hali ya miguu yangu, anasifia chai, kisha anatoa alilojia: eti ile gemu aliyoicheza utotoni kwa mjomba wake, ataichezaje kwenye mashine ya sasa? Nimechoka kujibu mlangoni, na kujibu kwa kifupi sikujaliwa. Basi kaeni niwasimulie.

Tuanze na ufundi, msije mkasema bibi kawapotezea muda. Gemu ya zamani ukiiweka kwenye mashine mpya, mara nyingi mashine inaikataa palepale. Inakuandikia kwamba programu hii haiendani nayo, na hapo hata ubembeleze vipi haikusikii. Zile zinazokubali kuwaka zina ugonjwa mwingine. Wengi waliozitunga hawakutumia saa. Walipima mwendo kwa nguvu ya mashine waliyokuwa nayo mezani: hesabu mpaka elfu kadhaa, kisha msogeze nyoka hatua moja. Mashine ya wakati ule ilihesabu kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Ya leo inamaliza kabla hujapepesa jicho, na nyoka amekwisha jigonga ukutani wewe hujakaa vizuri kwenye kiti.

Dawa ipo, na ni ya bure. Kuna programu zinazoigiza kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya. Gemu inaamka humo, inachungulia huku na huku, inaona kila kitu kipo kama ilivyokiacha, inatulia. Mnapewa vitufe vya kupunguza mwendo na vya kuongeza, nanyi mnapunguza kidogo kidogo mpaka mnasema hapo, ndivyo ilivyokuwa. Shida ni kwamba kila mtu ana mwendo wake kichwani. Nimewahi kuona ndugu wawili wakigombana kibandani kwangu, mmoja anasema punguza, mwenziwe anasema ilikuwa inakimbia zaidi, na wote wamelelewa sebule moja. Nikawaambia wakapige simu kwa mama yao. Mama yao akasema yeye anachokumbuka ni kwamba walikuwa hawaoshi vyombo.

Ufundi sikuusomea chuoni. Alinifundisha Mzee Sudi, fundi redio, mtu wa Pangani aliyekuja Singida kwa ajili ya mke na akabaki kwa ajili ya kuku. Nilikuwa msichana peke yangu kwenye ile meza, na wateja walikuwa wakinipita kwenda kumtafuta fundi. Mzee Sudi aliwajibu, "Fundi ni huyo mliyempita, mimi hapa ni mpika chai." Alinifundisha kunusa mashine kabla ya kuifungua. Kilichoungua kina harufu yake, vumbi la upepo wetu huu lina yake, na mjusi aliyekufa ndani ana yake, hiyo mtaijua wenyewe siku ikifika. Kompyuta zilipoanza kuletwa, yeye hakuzijua hata kidogo, na hakuona haya. Alivuta kigoda akakaa upande wa mwanafunzi, mimi nikawa namwonyesha nilichokisoma kwenye vitabu vya kuazima, na kunusa tukaendelea kunusa pamoja. Namkumbuka sana. Hadi leo nikifungua kifuniko cha mashine, kwanza nainamisha pua.

Mashine ya kwanza niliyoilipua ilikuwa zawadi kutoka ng'ambo kwa shule moja ya kijijini. Nyuma yake, karibu na pale pa kuchomeka waya, kulikuwa na swichi ndogo nyekundu ambayo sikuijali. Ile swichi inaiambia mashine itakula umeme wa nchi gani, na ilikuwa imewekwa kwa umeme wa huko ilikotoka, ambao ni kama nusu ya wetu. Nikachomeka mbele ya mwalimu mkuu aliyevaa tai. Kikatoka kishindo, ukafuata moshi, na nilipogeuka mwalimu mkuu alikuwa ng'ambo ya barabara. Mzee Sudi akaja, akanusa, akasema, "Hii sasa umeijua." Tukabadilisha kile kisanduku cha umeme na mashine ikaishi miaka mingi. Kwa hiyo mkiletewa mashine ya kizee, kabla ya waya tazameni ile swichi.

Sasa nije kwa Mzee Ntandu, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mzee Ntandu alikuwa na kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa mjini. Mnyaturu mrefu, mpole, mchache wa maneno. Alinunua kompyuta kwa ajili ya mahesabu ya kiwanda, nami nikaenda kumfungia. Ndani yake mlikuwa na gemu ya nyoka. Ninyi mnamjua nyoka wa simu ya vitufe. Huyu ni babu yake. Nyoka wawili kwenye kioo cha bluu, mmoja wa njano na mmoja wa waridi. Inatokea tarakimu mahali fulani, anayewahi anaila na kurefuka. Ukigonga ukuta umekufa, ukigonga mwili wa mwenzio umekufa. Wachezaji ni wawili na kibodi ni moja: wa kulia anatumia vitufe vya mishale, wa kushoto anatumia herufi nne. Mishale kila mtu anaiweza. Zile herufi ziliwatoa watu jasho.

Mwenzake wa kucheza alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Itigi. Huyu alifanya kazi reli ujana wake wote, alipostaafu akawa analeta asali mjini. Akishashusha madumu yake anakuja kiwandani kungoja basi la kurudi, na hapo kazi ya kukamua inakuwa ya watu wengine. Sisi na Wanyamwezi ni watani, mnajua. Mama yangu ni Mnyaturu, kwa hiyo na mimi sikusalimika. Mtani atakwambia lile ambalo ndugu yako angelisema mngepelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, na wewe huna ruhusa ya kununa.

Mzee Ntandu, yule mpole niliyewaambia, mbele ya Maganga alikuwa mtu mwingine. Maganga alidai kuwa Wanyaturu wamezoea kufuata mkia wa ng'ombe, ndiyo maana nyoka wa Ntandu anajizungukia palepale. Ntandu alimjibu kwamba Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu kwenda pwani mpaka wakasahau kuwa njia ina kona. Wafanyakazi walijaa dirishani wakiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko. Kiti cha kulia, cha mishale, wazee wenyewe walikigombania kwa mabega kama watoto, na kwa kuwa kiwanda ni cha Ntandu, mishale ilikuwa ya Ntandu. Maganga alicheza kwa herufi miaka yote ile na alilalamika miaka yote ile. Siku moja gari alilopanda liliharibika njiani, Mkiwa, akafika amechelewa na basi la kurudi li karibu kuondoka. Alicheza amesimama, dumu la asali kaliweka begani, na akashinda. Mzee Ntandu alisema hajawahi kuona hamali mwenye bidii kiasi kile.

Kompyuta zilibadilika, Rehema binti yake akamletea baba yake nyingine ya mahesabu, ile ya zamani ikawekwa stoo. Maganga aliendelea kuja, wakawa wanataniana bila nyoka. Kisha Mzee Ntandu akapata kiharusi.

Kilimshika upande wa kulia, mkono na mguu, na kikamvuruga ulimi. Alikuwa akisema kitu lakini hakishikiki. Rehema, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alinijia nyumbani amebeba ile mashine ya zamani ndani ya kiroba cha mashudu. Aliniamkia, akakaa. Halafu akanieleza. Hospitali walisema mkono ule uamshwe kwa mazoezi mapema, ukiachwa utajifia. Walimpa kampira ka kuminya. Baba yake alikuwa akikaacha kadondoke, anageukia ukutani. Chakula anarudisha. Majirani wakija anafumba macho mpaka waondoke.

"Mama, naogopa baba ameamua," aliniambia.

Nilimwelewa. Wazee wetu wengine wakiamua hivyo, hawachukui muda mrefu. Nikauliza, na Maganga je? Akasema Mzee Maganga alikuja mwanzoni kabisa. Alikaa kitandani, akamshika mkono mgonjwa, akasema pole sana ndugu yangu, Mungu akufanyie wepesi, akaondoka mapema na hajarudi. Tangu siku ile, Rehema alisema, ndipo baba alipoanza kugeukia ukutani. Kwa sasa alichotaka kwangu ni kimoja: kile kitu baba alichokuwa akikipenda, kama kinaweza kufufuka.

Niliifungua mashine kwa kunusa. Mafuta ya alizeti yaliyochacha, vumbi, na ile harufu kali kidogo ya betri iliyovuja. Betri ndogo ya saa ikiachwa miaka humwaga sumu yake kwenye bodi na kula njia za shaba, ing'oeni mapema. Hiyo niliisafisha, mashine ikawaka, lakini diski yake ikaanza kugonga, tik, tik, tik. Mliowahi kuisikia sauti hiyo mnajua. Nilimwambia Rehema ukweli, kwamba humu hamna tena kitu cha kuokoa kwa zana nilizo nazo. Alinishukuru kwa adabu, akakunja kile kiroba vizuri kama nguo, na mimi nilijisikia vibaya sana.

Alikuwa keshafika mlangoni nilipokumbuka. Zamani zile nilimnakilia Mzee Ntandu gemu yake kwenye disketi, nikamwambia aitunze mbali na jua, vumbi na mchwa. Rehema akakumbuka kuwa baba yake alikuwa akimpelekea shangazi Mwajuma wa Mtinko kila kitu asichotaka kipotee. Tukaenda Mtinko.

Shangazi Mwajuma alitupokea, akatupa uji, akasikiliza shida yetu bila haraka. Disketi haikuwa neno analolijua. Nilipomchorea kwa kidole ukubwa wake na kusema ni nyeusi, ya pembe nne, aliinuka akaenda jikoni. Juu ya mafiga, kwenye dari la miti lililokolea masizi, yalining'inia mahindi ya mbegu na vibuyu, maana mbegu ikikaa kwenye moshi mdudu haigusi. Akashusha kibuyu kimoja, akatia mkono, na kutoka katikati ya mbegu za maboga akatoa disketi yangu iliyofungwa nailoni. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

Rehema alimtazama shangazi yake, mimi nikaitazama disketi. Yule mama akaona tunashangaa, akashangaa yeye zaidi. "Kaka aliniambia niitunze kama mbegu," alisema. "Mlitaka niiweke wapi?"

Kila kitu nilichowahi kufundishwa kuhusu disketi kinakataza moshi. Lakini niliwaza pia zile nilizozitunza mimi kwenye droo, kitaalamu, ambazo zimeota ukungu zote.

Hivi ndivyo ilivyosafishwa, na mkipata yenu fanyeni hivyohivyo. Usiiingize kwenye mashine ikiwa chafu. Utaua disketi na kichwa cha kusomea kwa pamoja. Sogeza kile kilango cha bati, chukua pamba kwenye kijiti, chovya spiriti kidogo tu, pangusa taratibu ukiizungusha kwa kidole hapo katikati, upande huu na upande ule. Iache ikauke yenyewe, usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Nailoni ya shangazi ilikuwa imezuia mengi, masizi yaliingia pembeni tu. Nilikuwa na kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwa waya kwenye kompyuta mpya, nikakitoa sandukuni. Kilinguruma, kikasita, kikarudia, kikasita tena. Kisha majina ya mafaili yakajipanga kwenye kioo. Nililia kidogo, nikasingizia spiriti. Na kabla ya kufanya kitu kingine chochote nikanakili mara mbili, sehemu mbili tofauti. Huo ni wosia wangu kwenu: nakili kwanza, furahi baadaye.

Nyumbani nikaiweka kwenye ile programu ya kuigiza mashine ya zamani. Mara ya kwanza nyoka walikufa wote wawili kabla sijaona rangi zao. Nikapunguza mwendo, nikapunguza, mpaka ukafika ule niliouona kiwandani. Rehema alipokuja kutazama, alifurahi, halafu uso ukabadilika. Aliuliza kama naweza kupunguza zaidi. Nikapunguza. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama naweza kufanya baba asishindwe. Amekwisha shindwa na kula, na kuvaa, na kusema, alisema; akija kushindwa na hiki nacho itakuwaje?

Gemu ile ilikuwa ya aina ambayo unaweza kufungua maandishi ya programu yake na kuyabadilisha. Mimi nina mtoto wa kike na nilimzika baba yangu. Nilimwelewa Rehema vizuri mno. Nikaziondoa kuta. Nyoka akifika mwisho wa kioo anapita, anatokea upande wa pili, mzima. Nikapanga pia achezaye peke yake atumie zile herufi nne, mkono wa kushoto uziweze. Tulijiona wenye akili.

Tukampelekea asubuhi. Nilimwamkia, akafumba macho. Rehema akaweka kompyuta kwenye meza ya kitanda, na ile milio ya mwanzo ikatoka, milio ya kizamani ya puu na pii. Mzee Ntandu akafumbua macho. Alitazama kioo muda mrefu. Mkono wa kushoto ukapanda wenyewe juu ya meza. Mkewe, Mama Rehema, alikuwa amesimama mlangoni na kopo la uji, akalitua sakafuni.

Akacheza. Akala tarakimu ya kwanza, akala ya pili. Alikosea kona, nyoka akaenda ukutani, akapita. Mzee akasita. Akamgeuza, akampeleka ukutani tena, safari hii makusudi, akapita. Akampeleka ukuta wa juu. Akampeleka wa chini. Alipomaliza kuzijaribu zote nne, alinitazama mimi, si Rehema, mimi fundi wake wa miaka yote. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu kwa niaba yangu. Akaisukuma kompyuta kwa upande wa kiganja, polepole, na akageukia ukuta wake mwenyewe, ule wa chumbani.

Rehema alikwenda nje kulia. Mimi nilikaa pale nikiutazama mgongo wa yule mzee, na nikakiona tulichokuwa tumekifanya wote, sisi, majirani, hospitali na Maganga mwenyewe. Mtu ameumwa, tumemwondolea kuta zote. Tunamsemesha kwa upole, tunamkubalia, tunampa pole. Siku mtani wako anakupa pole na kwenda zake bila kukutania, maana yake amekwisha kukuzika. Mzee Ntandu alilisikia hilo vizuri kabisa, ulimi ndio uliumwa, masikio hayakuumwa.

Nilitoka uani nikampigia Mzee Maganga. Sikumwamkia, na Mungu anisamehe, maana ni mkubwa kwangu. Nilimuuliza ni mtani gani yeye anayetoa pole kama mtu wa benki. Kwanza nikasikia kuku wake wa Itigi. Kisha akasema, na sauti haikuwa ile ninayoijua:

"Bi Mwanaidi, nitamtaniaje mtu asiyeweza kunijibu?"

Nilimwambia atajibu kwa vidole, yeye apande basi.

Usiku huohuo nilizirudisha kuta, zote nne, kama mtungaji alivyoziweka.

Maganga alifika siku ya pili mchana, na dumu la asali. Mama Rehema akatoka kumpokea mzigo na kumkaribisha kwa heshima zote. Maganga akampita. Akasimama kwenye mlango wa chumba, akamtazama mwenzake aliyelala. Nikaogopa kwamba atatoa pole ya pili. Kisha akaweka dumu chini kwa kishindo.

"Mnyaturu," alisema. "Nimeambiwa kuna msiba hapa, nimepanda basi kuja kuzika, nafika nakuta mtu bado anapumua. Nauli yangu atanirudishia nani?"

Mama Rehema alishika mdomo. Rehema akainuka kama anayetaka kumtoa mgeni nje, nikamshika kanga. Kitandani, ule mgongo ulikuwa haujatikisika. Halafu bega la kushoto likaanza kutetemeka, nasi hatukujua ni kilio au ni nini, mpaka mzee alipogeuka. Nusu ya uso wake haikuwa na habari. Nusu nyingine ilikuwa inacheka.

Tukamkalisha. Nikawasha kompyuta, nikachomeka kibodi kubwa ya pembeni ili wapate nafasi. Maganga hakusubiri kukaribishwa. Aliburuta kiti akakaa kulia, kwenye mishale, kile kiti ambacho alikililia miaka yote ile, akatandaza viwiko. "Leo kiwanda nimekirithi," alisema. "Wewe kaa na herufi, zikutoe jasho." Mimi ndiye pekee niliyetazama mkono wa kulia wa Ntandu, uliolala mapajani, halafu nikautazama wa kushoto uliokuwa karibu na zile herufi. Nikageuza uso wangu dirishani kidogo.

Walianza. Nilikuwa nimeweka mwendo wa mgonjwa. Maganga alikula tarakimu mbili, akageuka kunitazama, akauliza mbona nyoka wa siku hizi wanatembea kama wametoka kula ugali. Rehema akanitikisia kichwa, nisithubutu. Mzee Ntandu akapiga meza kwa kiganja cha kushoto, mara moja. Nikaongeza mpaka ule mwendo wa kiwandani.

Alishindwa. Maganga alimzungushia mwili wa nyoka kila upande akamfungia ndani, akamweleza kwa kirefu kwamba hivi ndivyo wanavyofungiwa mbuzi wa Kinyaturu. Alishindwa tena. Alishindwa mara nyingi mchana ule, na kila aliposhindwa alikaa wima zaidi. Uji aliopewa aliunywa bila kuutazama, kwa hasira, kikombe chote, macho yako kwenye kioo. Mama Rehema alikipokea kile kikombe kitupu akaenda nacho jikoni, akakaa huko muda.

Kisha Mzee Ntandu akafanya jambo. Aliacha herufi. Kwa mkono wa kushoto akaushika ule wa kulia kwenye kifundo, akaunyanyua kama mtu anayenyanyua mzigo wa mtu mwingine, akauweka mezani, akausukuma mpaka ukapanda juu ya mkono wa Maganga, juu ya mishale. Ule mkono ambao tulikuwa tunaubembeleza uguse kampira. Alikuwa anadai kiti chake.

Maganga hakuhema. Alichomoa mkono wake chini polepole, akauacha ule mwingine ulale kwenye vitufe, yeye akahamia kwenye herufi. "Mwizi hata akiugua," alisema, na sauti ikamkatika katikati.

Wakacheza. Vidole vya Mzee Ntandu havikubonyeza kitu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, kidole cha shahada kikatetemeka juu ya mshale, na nyoka wake wa njano akaenda moja kwa moja akafia ukutani. Rehema alifumba macho. Mzee akaukamata tena ule mkono, akaupanga upya kidole kwa kidole, akafungua mdomo, na neno likatoka, zito lakini zima, tukalisikia sote.

"Tena."

Mzee Maganga akafuta macho kwa mkono wa shati, akabonyeza kitufe cha kuanza, na hakumhurumia hata kidogo.